Kabla ya Kupiga Windows Upya

Vijana wanaoniletea laptopu zao hapa studio, Mwanza, karibu wote hufika na hukumu tayari: mashine imechoka, ipigwe Windows upya. Wimbo uko ndani. Programu ya muziki inaanza kuufungua, mstari wa kupakia unafika katikati, halafu dirisha lote linatoweka. Fundi wa mtaani ameshawaambia dawa ni moja. Mimi huwaomba wanipe kwanza nafasi ya kusoma, kwa sababu Windows mpya itafuta ushahidi wote, na plagini iliyosababisha, yaani kifaa cha sauti kinachoongezwa ndani ya programu, ikirudishwa kwenye folda ileile, programu itajifunga palepale.

Ninatengeneza muziki kwa riziki: kwaya, bongo fleva, matangazo ya redio, na singeli pale vijana wa Dar wanapopita huku. Kazi ya kufufua projekti zilizokufa ilinijia yenyewe, maana maprodyuza tunajuana na habari husambaa. Ninachokisema hapa nimekiona mara nyingi mno, siwezi kukinyamazia. Programu ya muziki inapojifunga ghafla, karibu kila mara kuna faili moja, lenye jina, lililosababisha. Na jina hilo mara nyingi limeshaandikwa ndani ya kompyuta kabla hujaanza kulitafuta.

Kwanza ieleweke plagini inaishi wapi. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, watengenezaji wa Cubase, ilitoa utaratibu wa VST, ambao ulimwezesha mtu yeyote kuandika kifaa cha sauti kikafanya kazi ndani ya programu yao. Mwaka 1999 toleo la pili likafungua mlango kwa ala zenyewe: vinanda, sintesaiza, ngoma, vyote vikipigwa kwa noti za MIDI. Programu nyingine zikaupokea utaratibu huo, na leo prodyuza wa Mwanza anaweza kuweka okestra nzima kwenye laptopu moja. Lakini kwa kawaida plagini hiyo haikai pembeni. Inapakiwa ndani ya kumbukumbu ya programu mwenyeji na inatumia nafasi ileile. Ni nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme: mpangaji wa chumba cha nyuma akipiga shoti, vyumba vyote vinaingia giza, na lawama anabeba mwenye nyumba. Ndiyo maana watu husema FL Studio mbovu, Cubase mbovu, wakati aliyeanguka ni mgeni ndani yake.

Pia kuna magonjwa matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja. Sauti ikikatakata na kutoa kelele kama redio isiyoshika mawimbi, prosesa imezidiwa. Hiyo ni habari ya bafa, yaani ukubwa wa vipande vya sauti vinavyochakatwa kwa mkupuo, na uzito wa plagini. Programu ikiganda, dirisha likawa jeupe na mausi inazunguka, kuna kitu kinasubiriwa ambacho hakiji, mara nyingi diski au leseni. Programu ikitoweka kabisa, hapo ndipo kuna ajali ya kweli. Kijana mmoja wa singeli alikuja akilalamika kwamba sintesaiza yake inaua programu. Nilipomwomba anionyeshe, kumbe ni kukatakata tu. Biti yake ilizidi mapigo 200 kwa dakika, na sauti aliyoichagua ilikuwa na mkia mrefu, kwa hiyo kila noti ilianza kabla zilizotangulia hazijanyamaza, zikarundikana hadi prosesa ikasalimu amri. Tulifupisha mkia wa sauti na kupunguza idadi ya noti zinazoruhusiwa kulia kwa pamoja, basi. Kama ningeanza kufuta plagini, ningemharibia kazi bure.

Ajali ya kweli ina mwenendo wake. Mwalimu wa kwaya moja ya hapa mjini alikuja akiongozana na prodyuza wake, kijana mpole aliyeshika laptopu kama mtu aliyebeba mayai. Sauti zote za kwaya zilikuwa zimesharekodiwa, na wimbo ulikuwa umegoma kufunguka.

“Fundi, sauti za watu wangu zipo?” Mwalimu aliuliza hata kabla ya kukaa.

“Zipo, Mwalimu. Karibu kiti kwanza nikuonyeshe.”

Nilifungua folda ya projekti, nikaingia kwenye folda ya rekodi, nikabonyeza faili moja la WAV likalia kwa kichezeo cha kawaida cha Windows. Wale akina mama wa sauti ya kwanza wakajaza chumba. Mwalimu akashusha pumzi. Hili huwa nalifanya mwanzo kabisa, kwa sababu watu wanadhani wimbo ukigoma kufunguka basi sauti zimepotea. Sauti zilizorekodiwa hukaa kama mafaili yanayojitegemea. Faili la projekti ni mpangilio tu unaosema kipi kilie wapi. Kazi ya kwanza ni kuinakili folda nzima kwenye diski nyingine, na baada ya hapo hakuna cha kuogopa.

Kisha nikafungua Event Viewer, kitabu cha kumbukumbu ambacho Windows hukiandika chenyewe bila kuombwa. Unaandika jina hilo kwenye sehemu ya kutafuta, unaingia Windows Logs, halafu Application, unatafuta alama nyekundu yenye saa ileile programu ilipotoweka. Tukio la kujifunga ghafla huandikwa kwa namba 1000; kuganda huandikwa kwa namba 1002. Ndani yake kuna mistari mingi inayotisha, ila ya kusoma ni mitatu. Wa kwanza unataja programu iliyoanguka, na hapo ilikuwa FL64.exe. Wa pili, unaoanza na maneno Faulting module name, unataja faili ambalo ndani yake ajali imetokea. Wa tatu ni namba ya kosa. Kwa wimbo wa Mwalimu, mstari wa pili ulitaja jina linaloishia na .vst3, jina la piano waliyoitumia kwenye utangulizi. Namba ya kosa ilikuwa 0xc0000005, yaani programu imegusa eneo la kumbukumbu ambalo haikuruhusiwa kuligusa.

Basi nikaenda kwenye C:\Program Files\Common Files\VST3, nikalihamisha faili lile la piano kwenye folda nyingine kabisa niliyoiita Karantini. Nikafungua wimbo. Mstari wa kupakia ukafika pale katikati, ukapita. FL Studio ikatoa taarifa kwamba plagini fulani haipo, kisha wimbo wote ukatandazika mbele yetu: ngoma, besi, gitaa, sauti nne za kwaya. Noti za piano zilikuwa zimebaki salama kwenye piano roll, maana noti zinatunzwa na programu, hazitunzwi na plagini. Nikauhifadhi kwa jina jipya papo hapo. Hilo la jina jipya nalisisitiza kwa kila mtu: ukihifadhi juu ya faili la awali wakati plagini haipo, programu nyingine hutunza mipangilio ya plagini ile na nyingine huitupa. Usiweke dau.

Wanaotumia Reaper wana njia nyepesi zaidi: kwenye dirisha la kufungua projekti kuna kisanduku cha kuweka tiki ili ifunguke na plagini zote zikiwa zimezimwa, kisha unaziwasha moja moja. Kwenye Cubase unashikilia Ctrl, Shift na Alt wakati inawaka, nayo inakupa nafasi ya kuanza salama. Kwenye Mac, ripoti ziko ndani ya programu ya Console, na unatafuta mkondo (thread) ulioandikwa Crashed halafu unasoma majina ya mwanzo kwenye orodha yake.

Sasa, ripoti si mara zote inamtaja mkosaji, na hapa ndipo wengi hupotea. Ukiona jina lililotajwa ni ntdll.dll na namba ya kosa ni 0xc0000374, usikimbilie kusema Windows imeharibika. Namba hiyo ina maana kwamba kumbukumbu ya pamoja imekutwa imeharibiwa. Mharibifu anaweza kuwa alishaondoka dakika kadhaa nyuma: plagini moja iliandika mahali pasipo pake, ikaendelea kulia vizuri tu, na aliyekuja kukanyaga shimo ni mwingine asiye na hatia. Katika hali hiyo jina lililoandikwa halikusaidii. Kinachosaidia ni kugawa nusu kwa nusu. Unahamishia Karantini nusu ya plagini za wimbo, unafungua, unacheza. Ikikaa salama, mkosaji yuko kwenye nusu uliyoitoa. Ikianguka, yuko kwenye iliyobaki. Unagawa tena. Hata wimbo ukiwa na plagini 16, kwa kugawa mara nne umeshambakisha mmoja. Siri yake ni uvumilivu: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika kwenye karatasi ulichobadilisha. Prodyuza anayeapdeti draiva, anayefuta plagini na kubadilisha bafa kwa pamoja, hata akipona hajui amepona kwa dawa ipi.

Angalia pia ajali inatokea lini. Hilo peke yake hueleza mengi.

Ikianguka pale tu unapofungua dirisha la plagini, huku wimbo ukicheza vizuri dirisha likiwa limefungwa, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni picha. Plagini nyingi za siku hizi huchora madirisha yao kwa kutumia kadi ya picha kupitia OpenGL, na laptopu za mitumba tunazonunua mara nyingi zina draiva ya picha iliyowekwa na Windows yenyewe, ya zamani, au isiyo yake hasa. Ripoti itataja faili la draiva ya picha, na mtu asiyejua atajiuliza picha zinahusianaje na muziki. Weka draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu au wa kadi yenyewe. Kama mashine ni ya zamani na draiva mpya haipo, tafuta kwenye mipangilio ya plagini sehemu ya kuzima uchoraji kwa kadi, baadhi zinayo.

Ikianguka wakati wa kurenda tu, yaani kuutoa wimbo uwe faili la sauti, au unapobadilisha kasi ya wimbo, mara nyingi ni habari ya bafa. Programu huipa plagini sauti vipande vipande, na FL Studio ina desturi ya kubadilisha ukubwa wa vipande hivyo inavyoona inafaa. Plagini nyingine ziliandikwa zikitegemea kipande cha ukubwa uleule kila mara. Kwenye kona ya dirisha la plagini bonyeza alama ya gia, ingia kwenye sehemu ya Processing, weka tiki kwenye Use fixed size buffers. Nimeona projekti zilizotangazwa kufa zikirenda mpaka mwisho kwa tiki hiyo moja. Hapohapo kuna pia Make bridged, inayoitoa plagini nje na kuiendesha kama programu ya pembeni. Inakula prosesa zaidi kidogo, lakini ikianguka, inaanguka peke yake. Reaper inayo njia kama hiyo, na Bitwig Studio wao waliamua tangu mwanzo, mwaka 2014, kuwa plagini zinaweza kutengwa hivyo. Natamani programu zote zingefuata njia hiyo kama kawaida, hata kama tungelipa kwa prosesa.

Ikianguka wimbo unapokua, yaani kila ukiongeza ala moja mambo yanazidi kuwa mabaya, tazama kumbukumbu. Bado nakutana na plagini za biti 32 zinazozunguka kwenye flashi kutoka studio hadi studio. Programu ya biti 32 kwenye Windows kwa kawaida hupata gigabaiti 2 za kumbukumbu, na hata ikiruhusiwa zaidi haiwezi kuvuka 4, haijalishi umeongeza RAM kiasi gani. Cubase iliacha kupokea plagini hizo tangu toleo la 9, mwaka 2016, na Apple ilizifungia mlango kabisa kwenye macOS Catalina, mwaka 2019. Kama kuna toleo la biti 64 la chombo hichohicho, kihamishie huko mapema, wakati wimbo wa zamani bado unafunguka, ili unakili mipangilio kwa mkono.

Na hata kwenye biti 64, laptopu ya gigabaiti 4 haibebi okestra. Kwa wanaotumia Kontakt, kichezeo cha sampo, kuna amri ya Purge, inayoondoa sampo zote kwenye RAM na kurudisha zile tu zinazoguswa na noti zako. Wimbo wa kwaya hutumia sehemu ndogo sana ya vinubi na vayolini ulizopakia. Cheza wimbo mara moja, ruhusu zinazohitajika zirudi, na tazama namba ya kumbukumbu inavyoshuka. Ni jambo la dakika chache na wengi hawajui lipo.

Diski za nje nazo. Sampo zetu nyingi tunaziweka huko kwa sababu laptopu hazina nafasi. Waya ukilegea, au Windows ikiamua kuilaza bandari ya USB ili kuokoa chaji, plagini iliyokuwa inavuta sampo kutoka diskini inabaki inanyoosha mkono hewani. Iliyoandikwa vizuri itanyamaza na kukuambia sampo hazipo. Iliyoandikwa vibaya itakufa na kuondoka na programu. Umeme ukikatika na laptopu ikahamia kwenye betri, huenda kulala huko kwa bandari kukaanza, na ajali ikaonekana kama imeletwa na umeme. Kwenye mipangilio ya nguvu ya Windows kuna sehemu ya USB selective suspend. Izime, hasa upande wa betri. Na ipe diski herufi ya kudumu, ili leo isiwe D na kesho E.

Kuna jambo ambalo haifai kulikwepa. Sehemu kubwa ya plagini ninazozikuta kwenye laptopu za vijana ni za kraki. Najua kwa nini. Bei ya chombo kimoja inaweza kuzidi kodi ya chumba kwa miezi, na kwa muda mrefu hata mwenye hela hakuwa na kadi ya kulipia. Siwahukumu. Lakini nikiwa nimekaa mbele ya ripoti, nalazimika kusema ninachokiona: faili la kraki limefunguliwa na kushonwa upya na mtu asiyejulikana, ili lisiulize leseni. Antivirasi hulitilia shaka na kulinyofoa kipande usiku, asubuhi wimbo haufunguki. Haliwezi kuapdetiwa, kwa hiyo kosa ambalo mtengenezaji ameshalirekebisha linabaki kwako milele. Na ukikwama, hakuna wa kumwandikia. Mwimbaji akiwa kwenye maiki, saa inahesabika, hasara hiyo inamwangukia prodyuza.

Siku hizi kuna vya bure vya kweli, na ni vizuri. Surge XT ni sintesaiza kamili na msimbo wake (source code) uko wazi kwa yeyote. Vital ina toleo la bure linalotosha bongo fleva nzima. Dexed inaiga DX7 ya Yamaha, kile kinanda cha mwaka 1983. LABS, iliyotengenezwa na Spitfire Audio, ina piano na nyuzi laini zinazofaa kwaya. Kwa wimbo wa Mwalimu, noti zilezile za piano tulizipeleka kwenye piano ya bure, tukaisogeza nyuma kidogo kwenye miksi, naye akasema anaipenda kuliko ya kwanza kwa kuwa haigombani na sauti ya tatu.

Kinga ninayoiamini kuliko zote ni kugeuza ala kuwa sauti mapema. Mara mpangilio wa piano ukikubalika, irende iwe WAV, iweke kwenye wimbo, na plagini uizime. WAV haikrashi. Kila programu ina njia yake, iitwe freeze, bounce au consolidate. Maprodyuza huchelewa kwa sababu wanataka kubaki na uhuru wa kubadilisha noti. Uhuru huo haupotei: hifadhi toleo lenye noti pembeni. FL Studio inakupa toleo jipya kwa Ctrl+N tu, lenye namba yake, na la zamani linabaki palepale. Mteja akirudi mwakani kutaka ala tupu ya wimbo wake, utamfungulia hata kama plagini haipo tena duniani.

Na mkosaji akishajulikana, mwandikie aliyemtengeneza. Hapa kwetu karibu hakuna anayefanya hivyo, na linaniumiza, kwa sababu laptopu zetu za zamani, draiva zetu na joto letu ni mazingira ambayo mtengenezaji aliyekaa Berlin au London hayajaribu. Kiingereza cha kawaida kinatosha. Taja toleo la plagini, toleo la programu mwenyeji, toleo la Windows na aina ya kadi ya picha. Eleza hatua kwa hatua namna ya kuifanya ianguke, kuanzia projekti tupu isiyo na kitu kingine, maana wimbo wako wenye mambo chungu nzima hautawasaidia. Ambatanisha ile ripoti ya tukio namba 1000. Kampuni moja niliyoiandikia kuhusu ala yao kuanguka dirisha linapofunguliwa ilinirudishia maswali mawili kuhusu kadi ya picha, kisha toleo lililofuata likaja na kisanduku cha kuzima OpenGL. Nimeshakitumia kisanduku hicho kwenye laptopu za watu ambao hata hawajui kulikuwa na tatizo.